Kukuza uyoga wa tiba kwa maji ya jibini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: watengenezaji wa jibini wasiojua wayapeleke wapi maji yanayobaki, na wakulima wa uyoga waliosikia kwamba maji hayo ni chakula cha bure. Wote wana haki ya kupewa jibu la kweli, hata pale ambapo jibu hilo linapunguza matumaini.

Maji ya jibini ni nini hasa, na kwa nini yana shida?

Ukigandisha lita 10 za maziwa kutengeneza jibini, unapata kilo moja hivi ya jibini na karibu lita 9 za maji yenye rangi ya kimanjano iliyochanganyika na ukijani. Ndani yake mna sukari ya maziwa, yaani laktosi, asilimia 4.5 hadi 5, protini chini ya asilimia moja, mafuta kidogo sana na chumvichumvi. Mtu akiyaonja huona matamu kwa mbali.

Utamu huo ndio balaa likifika mtoni. Bakteria wa majini huuvamia na kuvuta oksijeni yote. Kipimo cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu ni miligramu 30,000 hadi 50,000 kwa lita moja ya maji ya jibini, wakati maji taka ya nyumbani huwa kwenye 200 hadi 400. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30. Kwa hiyo popote wanapogandisha jibini, iwe Limuru, Njombe, Gishwati kule Rwanda au Masisi kule Kivu ya Kaskazini, mtaro mdogo tu unaotiririka kuelekea kijito unatosha kuua samaki na kuleta uvundo wa kudumu.

Ni uyoga gani wa tiba unaohusika?

Anayezungumziwa zaidi ni Ganoderma lucidum, uyoga mgumu, mwekundu, unaong'aa kama umepakwa vanishi. Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi. Kwetu wengi wameujua kupitia kahawa na vidonge vinavyouzwa mkononi kwa mkononi. Yupo pia Trametes versicolor, shiitake (Lentinula edodes), na mamama wetu wa kila siku wa jamii ya Pleurotus. Huyu wa mwisho watu humdharau kwa kuwa ni kitoweo, lakini ana lovastatini ya asili, kemikali ileile inayotumika kwenye dawa za kushusha lehemu.

Kama hujawahi kukuza uyoga wowote, anza na mamama. Ganoderma ni mvivu. Kuanzia kupanda mbegu (yaani utando, zile nyuzi nyeupe ambazo uyoga huota kutoka kwazo) hadi kuvuna huchukua miezi mitatu hadi mitano, na kosa la mwezi wa kwanza hulijua umeshapoteza msimu.

Uyoga unaweza kweli kula sukari ya maziwa?

Wengine wanaweza, wengine hujikongoja. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na uyoga hauwezi kuila mpaka utoe kimeng'enya cha kuzitenganisha. Uwezo huo hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hata kati ya mbegu mbili za jamii moja. Ganoderma lucidum anaweza: mwaka 2003 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kazi ya kugeuza maji ya jibini yaliyotolewa protini kuwa utando wa Ganoderma, na tangu hapo wazo hili limefanyiwa kazi kwenye maabara nyingi.

Kwa mbegu uliyonayo wewe, usiamini karatasi. Jaza chupa mbili, moja maji ya jibini, nyingine maji yenye sukari ya kawaida kwa kiasi kilekile, upande zote siku moja. Baada ya wiki moja chupa zenyewe zitakwambia. Ikiwa ile ya jibini imebaki nyuma sana, unaweza kutumia laktasi, kimeng'enya kinachouzwa kwa watu ambao maziwa huwasumbua tumboni. Itie kwenye maji yasiyochachuka yakiwa na joto la mwili, yaache saa kadhaa, ndipo uendelee na kuchemsha.

Naweza kumwagia maji ya jibini kwenye maranda badala ya maji ya bomba?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na ndilo linaloharibu mifuko mingi zaidi ya maranda ambamo uyoga hukuzwa. Tupige hesabu. Kilo 10 za mchanganyiko mkavu (maranda ya mbao ngumu, pumba na chokaa) zinahitaji maji lita 18 hivi ili ufikie unyevu wa asilimia 65. Ukiweka maji ya jibini matupu, umeongeza zaidi ya robo tatu ya kilo ya sukari inayoyeyuka. Utando wa uyoga huota polepole. Bakteria, hamira na ukungu wa kijani huvamia sukari ya namna hiyo ndani ya saa chache.

Ukitaka kujaribu, changanya sehemu moja ya maji ya jibini na sehemu tatu za maji safi, punguza pumba kwa nusu, na uchemshe mifuko kwenye sufuria ya presha badala ya pipa la mvuke wa kawaida. Fanya hivyo kwa mifuko michache kando, uilinganishe na mifuko yako ya siku zote. Chumvi nayo iangalie: maji yanayotoka baada ya jibini kutiwa chumvi hayafai kabisa, na maji ya kulowekea jibini ndiyo mabaya zaidi.

Basi njia inayofaa ni ipi?

Kutengeneza mbegu ya maji. Badala ya kupanda utando kwenye punje za mtama au ngano, unaukuza kwenye chupa ya maji ya jibini, kisha unauingiza kwenye mifuko kwa sindano. Hapa sukari ileile iliyokuwa adui kwenye maranda inakuwa ndani ya chupa iliyofungwa, iliyouawa vijidudu, na anayeila ni uyoga peke yake.

Chukua maji mapya, ya siku hiyohiyo. Yakilala bila baridi bakteria wa maziwa huyachachua, na unaanza kazi ukiwa tayari umechelewa. Yapashe moto mpaka karibu nyuzi 90, yanapokaribia kuchemka, kisha tia maji ya ndimu kidogokidogo huku ukikoroga taratibu. Utaona maji yanakatika: mawingu meupe yanakusanyika juu na chini yake maji yanakuwa maangavu. Hayo mawingu ni protini. Yachuje kwa kitambaa safi, na usiyatupe. Ni jibini laini linaloliwa, Waitaliano huliita ricotta. Protini zikibaki kwenye maji zitaganda baadaye ndani ya presha, na chupa itajaa madonge meupe ambayo huwezi kuyatofautisha na utando.

Maji maangavu uliyobaki nayo yachanganye nusu kwa nusu na maji safi. Kwa kuwa protini zimeondoka, uyoga utapungukiwa naitrojeni, hivyo ongeza hamira kidogo ya mkate, kama gramu mbili kwa lita. Itakufa kwenye moto na kuwa chakula. Ganoderma hupenda uchachu wa pH 4 hadi 6, na baada ya ndimu kwa kawaida uko humohumo. Karatasi ya kupimia pH ni rahisi, inunue.

Jaza chupa za glasi mpaka nusu au theluthi mbili. Toboa kifuniko, ziba tundu kwa pamba, funika juu kwa karatasi ya aluminiamu. Tia ndani vipande viwili vitatu vya glasi iliyovunjika, nitaeleza kazi yake. Pika kwenye presha kwa dakika 20 hadi 30. Usizidishe saa nzima: laktosi ikiungua na mabaki ya protini, maji hugeuka rangi ya kahawia na utando hauyapendi sana.

Chupa zipoe kabisa, usiku kucha. Kisha, ndani ya sanduku lisilo na upepo na mikono ikiwa imefutwa kwa spiriti, tia kipande kidogo cha utando kutoka kwenye sahani ya maabara. Weka chupa mahali penye nyuzi 25 hadi 28, uzitikise kila siku. Hapo ndipo vile vipande vya glasi vinapofanya kazi: hukata utando, na kila kipande kilichokatika huanza kuota upya. Siku tatu za kwanza hutaona kitu. Baadaye huonekana ukungu mwembamba kuzunguka kile kipande, halafu vitufe vidogo vyeupe vinavyoelea, na kati ya siku ya 7 na ya 14 chupa inakuwa imejaa. Maji yaliyo katikati ya vitufe lazima yabaki maangavu.

Nitajuaje kama chupa imeharibika?

Inyanyue uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Maji yaliyotibuka kama maji ya kuoshea mchele yana bakteria, hata kama vitufe vya utando vipo. Ukifungua chupa ya majaribio na kusikia harufu ya mkate au pombe, hamira zimeingia. Zipo hamira zinazoishi kwenye viwanda vya maziwa na kula laktosi kwa furaha, za jamii ya Kluyveromyces, na hizi hukupita mbio kabla uyoga haujaamka. Harufu ya mtindi ni bakteria wa maziwa. Ukungu wa kijani ni Trichoderma, adui wa zamani wa kila mkulima wa uyoga. Unga wa rangi ya chungwa ni Neurospora: huyo usimfungue ndani ya chumba hata kidogo, peleka chupa nje ikiwa imefungwa uiue kwa moto, maana vumbi lake husambaa banda zima kwa siku moja.

Usitengenezee jibini na mbegu ya uyoga chumba kimoja. Vimelea vya jibini vinaelea hewani humo muda wote, na ukungu wa Geotrichum unaopenda maziwa utakutangulia kwenye kila chupa. Oga, badilisha nguo, ndipo uingie kwenye chumba cha mbegu. Nalisisitiza hili kwa sababu mtengenezaji wa jibini ni mtu msafi, na usafi wake wa kazi ile humfanya aamini kwamba mikono yake haina kitu.

Nipo Nairobi (au Njombe, au Goma). Mbona mifuko yangu haiivi vizuri?

Mwinuko. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94, na pipa lako la mvuke haliwezi kupita hapo hata ukiongeza kuni. Presha nayo inaathirika: mshale ukionyesha pauni 15 (psi), pwani ndani mna nyuzi 121, lakini Nairobi ni karibu 118. Maelekezo mengi ya mitandaoni yaliandikwa na watu wa nchi za chini. Ongeza muda, hasa kwa mifuko yenye pumba au maji ya jibini: saa mbili na nusu kwenye presha kwa mifuko ya kilo moja si nyingi.

Baada ya mbegu, Ganoderma anatunzwaje?

Mililita 10 hadi 20 za mbegu ya maji zinatosha mfuko wa kilo moja. Utando ukishajaa, mfuko uhamie kwenye banda lenye joto la nyuzi 25 hadi 30 na unyevu wa asilimia 85 hadi 95. Hewa ndiyo inayoamua umbo. Banda likifungwa sana, hewa chafu inayotolewa na uyoga wenyewe huufanya urefuke kama pembe za paa. Ukifungua madirisha, unatandaza kofia. Pembe si ugonjwa, ila soko huzilipia tofauti.

Kofia changa ina ukingo mweupe unaosogea nje kila siku. Ukingo ukishapotea na kofia yote kuwa nyekundu, imekomaa, na vumbi la kahawia litaanza kutanda kila mahali. Ni spora, chembe za uzazi za uyoga, si ile mbegu unayopanda. Vaa barakoa, kwa kuwa zinasumbua mapafu. Vuna, kata vipande vyembamba ungali laini (ukikauka utahitaji shoka), kausha chini ya nyuzi 60 mpaka vivunjike kwa mlio.

Uyoga utamaliza maji yote ya kiwanda changu?

Hapana. Lita moja ya maji ya jibini ukiichanganya na lita moja ya maji unapata mbegu ya mifuko 100 hadi 200. Mtu anayegandisha lita 100 za maziwa kwa siku anabaki na maji karibu lita 90. Hakuna mkulima mdogo mwenye mifuko ya kumaliza maji hayo kila siku.

Njia ya kuyamaliza kwa uyoga ni kukuza utando wenyewe kwenye matangi makubwa yenye hewa, kuuchuja, kuukausha na kuuza unga. Hilo ni jambo la kiwanda chenye mtaalamu wa vijidudu. Na hata hapo, fangasi hugeuza chini ya nusu ya sukari anayokula kuwa mwili wake: lita 100 zenye kilo 4.7 za laktosi haziwezi kukupa zaidi ya kilo mbili na ushei za utando mkavu, na kwa kawaida ni chini ya hapo. Kwa mtengenezaji mdogo ushauri wangu ni huu: toa protini kwanza uuze ricotta, chukua unachohitaji kwa mbegu, mengine wape nguruwe au ng'ombe kwa kiasi, na yanayobaki yaingie kwenye mtambo wa gesi ya samadi.

Utando wa kwenye chupa una nguvu sawa na uyoga wenyewe?

Ni vitu viwili. Uchungu wa Ganoderma unatokana na kemikali za triterpeni, ambazo hujaa zaidi kwenye uyoga uliokomaa. Utando una beta-glukani, sukari za minyororo mirefu, na nyingine huziachia kwenye maji unamoota. Si kwamba utando hauna thamani: dawa ya PSK, iliyoidhinishwa Japani mwaka 1977 itumike pamoja na tiba ya saratani, ilitolewa kwenye utando wa Trametes versicolor uliokuzwa matangini. Lentinani, iliyoidhinishwa hukohuko mwaka 1985, hutoka kwenye shiitake. Unachotakiwa ni kumwambia mnunuzi ukweli wa kile ulichotia kwenye pakiti.

Je, Ganoderma inatibu kisukari, presha na saratani?

Hapa siwezi kulainisha maneno. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, uliangalia majaribio kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na haukupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi ya Ganoderma kupunguza hatari za moyo. Kwa saratani, uchambuzi wa 2016 uliona kwamba haiwezi kuwa tiba ya kwanza. Huenda ikatumika kando ya matibabu ya hospitali. Ipo pia hatari kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na zimewahi kuripotiwa kesi za ini kuumia kwa watumiaji wa unga wake. Mama mwenye kisukari akiacha insulini kwa ajili ya pakiti uliyomuuzia, maji ya jibini yangekuwa heri yamwagwe mtoni.

Maji ya kuoshea mitambo, maziwa yaliyokataliwa na tope la kiwanda?

Usitumie. Mitambo huoshwa kwa magadi makali ya kiwandani na asidi, na mabaki yake hayafai kuingia kwenye kitu cha kuliwa. Tope la mtambo wa maji taka hukusanya vijidudu na metali. Maziwa yaliyokataliwa yana mafuta na protini nyingi mno. Na kumbuka yalikataliwa kwa sababu fulani.

Na dawa za ng'ombe na aflatoksini?

Swali zuri, na haliulizwi vya kutosha. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki kwa ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa. Dawa hizo haziui uyoga, hivyo chupa yako itastawi bila kukuonya. Aflatoksini M1 ni sumu inayoingia kwenye maziwa ng'ombe akila chakula chenye ukungu. Sehemu yake hushikamana na jibini na nyingine hubaki kwenye maji, na kuchemsha hakuiondoi. Nunua maji kwa mtu anayepima maziwa yake na anayeheshimu siku za kusubiri baada ya sindano.

Samadi nayo si taka ya ng'ombe wa maziwa?

Ni taka ya zizi, na ina uyoga wake. Agaricus subrufescens, unaokuzwa sana Brazili, hustawi kwenye mboji ya majani na samadi iliyoiva. Ganoderma na shiitake ni wa miti, wapelekee maranda.

Vipi kuhusu mzio na uhalali?

Unga wa utando uliokuzwa kwenye maji ya jibini unaweza kubaki na protini za maziwa, kwa hiyo andika kwenye pakiti kwamba una maziwa. Uyoga uliovunwa kwenye maranda, ambao maji ya jibini yalitumika kwenye mbegu tu, hauna wasiwasi mkubwa wa namna hiyo. Wateja Waislamu huuliza kuhusu kimeng'enya kilichogandisha jibini: kilitoka kwenye tumbo la ndama aliyechinjwaje, au kimetengenezwa kwa vijidudu? Muulize mtengenezaji kabla hujanunua maji, upate jibu la kumpa mteja.

Nahitaji kibali gani ili niuze?

Ukiuza kama chakula, viwango ni vya TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya. Ukiandika kwamba bidhaa inatibu, umeingia eneo jingine: Tanzania kuna mamlaka ya dawa, TMDA, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Andika "uyoga mkavu wa Ganoderma", uzito na tarehe.

Mbegu ya kuanzia nitaipata wapi?

Kwa mamama, vyuo vikuu vyenye maabara za uyoga kama JKUAT kule Juja ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa Ganoderma omba mbegu yenye jina na historia inayojulikana. Usiokote wa porini ukautangaza kuwa lucidum. Jamii za Ganoderma katika misitu yetu ni nyingi na zinafanana mno.

Mifuko iliyokwisha kuvunwa niitupe wapi?

Ya mamama ifanye mboji. Ya Ganoderma ichemshe au iozeshe kwenye mboji yenye joto kwanza, na kwa watu wa pwani hili ni la lazima: kule India, Ganoderma lucidum ni mmoja wa fangasi wanaosababisha ugonjwa wa Thanjavur, unaoozesha mizizi ya mnazi na kuuua. Mifuko mibichi isikae chini ya minazi wala michikichi.